Kioo cha Kidole Kimoja

Fundi huyu walimwita Kidole Kimoja, na jina hilo hakulipata kwa ulemavu. Vidole vyake kumi vilikuwepo vyote, vyeusi kwa grisi, na kimojawapo kilikuwa na kovu la kioo kilichompasukia enzi za ujana. Aliitwa hivyo kwa sababu kioo cha mlango wa gari kikishapita mikononi mwake, hata kama gari lenyewe lilikuwa limeota majani uani mwa mtu, kilipanda na kushuka kwa kidole kimoja tu. Unaugusa ule mkono wa kupandishia kioo kwa ncha ya kidole, unauzungusha kama anayekoroga chai, na kioo hicho chini. Wateja walitoka mbali kumfuata. Mwenyewe alikuwa na maringo kidogo, si haba, na nani asingekuwa nayo?

Aliyemfundisha kazi hiyo ni mzee mwenye gereji, na mzee mwenye gereji ndiye baba mkwe wake. Hapo ndipo palipo na kisa. Alifika pale akiwa kijana wa kusafisha spana, akaishia kumwoa binti wa mwenye spana. Wakapewa vyumba viwili nyuma ya gereji, ukuta kwa ukuta na stoo ya matairi. Asubuhi alipita mlango wa uani kwenda kazini, jioni akapita mlango huo huo kurudi nyumbani, na watu wakamwambia, wewe umebarikiwa, hujui adha ya usafiri. Kweli hakuijua. Wala hakujua raha ya kula chakula chake bila kumsikia mkwewe akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Na mkwe si mtu wa kubishana naye. Baba mzazi unaweza kumnunia wiki nzima, ukarudi mkacheka. Baba mkwe unamwitikia, "Ndiyo, Baba," na likikukwama kooni unalishushia maji.

Basi mwaka huo mkewe, aliyekuwa muuguzi, akapandishwa cheo na kuhamishiwa hospitali ya mji mwingine, mbali kweli, na nyumba juu. Nyumba yenye mlango wake yenyewe! Mke alicheka peke yake jikoni. Kidole naye alicheka, kisha akakumbuka kwamba kuna mtu wa kuombwa ruhusa, kicheko kikamkauka.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Halafu akanyoosha kidole kwenye kona ya ndani kabisa, kwenye gari lake la zamani la milango miwili, lililofunikwa turubai. Alilinunua mwaka aliooa. Ndani ya gari hilo ndimo alimomleta bibi harusi wake, ambaye sasa ni marehemu, na kwa muda walikuwa wakilifufua kidogo kidogo, kila kazi za wateja zilipopungua.

"Mtaondoka na hilo," mzee akasema. "Sitaki binti yangu aondoke kwangu amekaa juu ya mizigo kama gunia. Likiisha tu, nendeni na baraka zangu zote. Ila liishe kweli. Hamtatoka hapa na gari la kunitia aibu njiani."

Ungemjibu nini mtu anayekupa kipande cha ujana wake? "Ndiyo, Baba," akasema Kidole. Akatoka amepewa ruhusa na amefungwa hapo hapo.

Gari likaenda vizuri. Injini ikanguruma, fundi bodi akanyoosha mabati na kulipiga rangi ya krimu mpaka ukajiona ndani yake. Kiti cha nyuma kilikuwa bado kwa fundi wa viti, na vile vishikio vya ndani vya kufungulia milango vilikuwa vimepelekwa kupakwa nikeli, lakini hayo ni mapambo. Kilichobaki hasa kilikuwa vioo vya milango. Watu walicheka. Vioo, kwa Kidole Kimoja? Hiyo si kazi, hiyo ni mapumziko.

Vioo vikagoma.

Si kwamba havikutengenezeka. Kila jioni aliviacha vikiteleza kama vimepakwa sabuni. Kesho yake mchana, baada ya chakula, mzee anakuja kujaribu. Anaingia, anafunga mlango, kwa maana kioo hupimwa mlango ukiwa umefungwa; mlango ulio wazi humdanganya fundi. Anaweka kidole. Kioo kinashuka upana wa vidole tu, kinauma, kinasimama. Mzee anashusha pumzi.

"Bado, mwanangu."

Kidole alibadilisha vitambaa vya ndani ya reli zinazokiongoza kioo. Akasugua kutu. Akautoa mtambo mzima wa kupandishia, akauosha kwa dizeli, akaupaka grisi mpya, akaurudisha. Akazipima reli kwa uzi kama zilikuwa zimepinda, na hazikuwa zimepinda. Alifanya kila kitu isipokuwa kimoja. Kwenye ukingo wa kila mlango kulikuwa na skrubu mbili zinazoshika reli, ambazo ukizikaza kupita kiasi reli hukibana kioo. Hizo hakuzigusa, kwa sababu zilikuwa na rangi nyekundu.

Hiyo ilikuwa sheria ya gereji ile, na ilikuwa kubwa kuliko sheria ya barabarani. Skrubu ambayo mzee amemaliza kuirekebisha mwenyewe aliitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye kichupa chenye brashi yake ndogo. Kichupa cha kwanza kilikuwa cha marehemu mkewe. Kilipoisha alikwenda mwenyewe kwenye duka la urembo kununua kingine, na wauzaji wakampachika jina la Bwana Harusi. Skrubu yenye tone jekundu imekwisha. Haiguswi. Kijana aliyewahi kuigusa alifukuzwa kabla ya chai, na Kidole alikuwa shahidi. Kwa hiyo alizunguka pande zote za mlango ule akiruka mahali pamoja tu, na wala hakujua kwamba anaruka.

Mkewe ndiye aliyeona mwanzo, ingawa alichoona kilikuwa kingine.

"Hii nyekundu kwenye mkono wa shati ni ya nani?" alimuuliza siku moja, ameushika mkono wa shati kama polisi aliyeshika kielelezo.

"Rangi ya Baba hiyo. Ya skrubu."

"Rangi ya kucha ikikauka haichafui nguo. Hii ilikuwa mbichi."

"Basi mimi nina hawara fundi," akasema, wakacheka, yakaisha. Ukweli ulimshika mkono wa shati, naye akaufulia sabuni.

Siku zikawa zinakwenda. Hospitali ikapiga simu, ikapiga tena. Fundi bodi alipita akimtania, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Kidole!" na mwanzoni ilichekesha. Baadaye Kidole alianza kuiangalia mikono yake. Alihisi imekufa. Usiku mkewe aliikanda kwa mafuta ya moto, naye akalala akiwaza kwamba kama mikono hii imekwisha, huko mji mwingine atakuwa nani? Mume wa muuguzi? Hakumwambia mkewe hayo. Alimwambia, "Kesho kitashuka." Mke alikuwa amechoka na kesho.

"Mizigo imeshatangulia," alimwambia asubuhi ya siku ninayoisimulia. "Mimi na Bibi tunaondoka leo alasiri." Bibi ni mtoto wao wa kike, alipewa jina la marehemu mke wa mzee, na kwa heshima hakuna aliyelitamka, wakamwita Bibi tu. "Ukija, njoo. Usipokuja nitajua."

"Utajua nini?"

"Kama ulinioa mimi au ulimwoa baba."

Mchana ulipofika, mafundi wengine wakatawanyika kwenda kula. Kidole hakwenda nyumbani. Angekwenda kukalia nini, viti vimeshaondoka? Akaingia ndani ya gari, nyuma, pale ambapo kiti hakikuwepo, akalala sakafuni juu ya katoni. Mlango aliuacha wazi kidogo. Koleo lake la kufungulia mlango kwa ndani, kwa sababu vishikio havikuwepo, aliliacha juu ya benchi. Hakuwa anapima kitu. Alitaka kufumba macho tu.

Akasikia ndara. Mlango wa kushoto ukafunguliwa polepole.

Kupitia nafasi kati ya viti vya mbele alimwona mzee amechuchumaa kwenye ukingo wa mlango, magoti yakimlia, bisibisi mkononi. Akaitia kwenye skrubu yenye rangi nyekundu. Akazungusha kidogo, akasimama, akasikiliza, akarudisha nyuma chembe. Akafanya hivyo na ya pili. Halafu akatoa kichupa mfukoni, akang'oa kifuniko kwa meno, akatia tone hapa na tone pale, akapuliza vikauke.

"Leo tu," mzee akaliambia gari, akaupigapiga mlango kama mtu anayembembeleza ng'ombe. "Leo tu tena."

Akaufunga mlango. Akazunguka upande wa kulia, akafanya yale yale, akafunga na huo. Kisha akaenda kukaa kwenye sanduku lake karibu na lango, mgongo kwa gari, akafungua bakuli lake la chakula.

Kidole alibaki chali sakafuni, macho kodo. Kwanza ilimjia hasira, na ilikuwa hasira ya haki. Mikono iliyokandwa kwa mafuta! Usiku aliokuwa akijihesabu maiti! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, ufundi ni ugonjwa, kwa maana katikati ya hasira hiyo alijikuta anaistaajabia kazi yenyewe. Mtu mwingine angezikaza zile skrubu mpaka mwisho, kioo kisitikisike kabisa, na siri ingefichuka siku ya kwanza. Mzee alikaza kiasi cha kioo kushuka kidogo na kuuma, kama kinachougua; na kila jioni Kidole alipokilainisha kwa grisi na vitambaa vipya, kesho yake mchana yeye aliongeza chembe nyingine. Hakuna mwingine mjini aliyeweza kubana vile.

Hasira ikamwinua mpaka kiti cha mbele. Ndipo akakumbuka kwamba milango yote miwili imefungwa, kishikio hakipo, koleo liko kwenye benchi. Mfukoni alikuwa na kitu kimoja tu, ule mkono wa kupandishia kioo, aliokuwa akiuhamisha kutoka mlango huu kwenda ule. Akauchomeka. Kama kioo kingeshuka vya kutosha angetoa mkono nje akafungua kwa nje. Akazungusha. Kioo kikashuka kwa adabu, upana wa vidole tu, kikauma. Nafasi iliyopatikana ilimtosha kupitisha vidole, kiganja kikakataa. Upande wa kulia vivyo hivyo. Mzee hakuwa na upendeleo.

Sasa dawa ilikuwa rahisi: agonge bati. Mzee alikuwa pale pale, hatua chache, anatafuna. Kidole akainua ngumi.

Ikabaki hewani.

Angegonga, mzee angegeuka, wangetazamana. Mzee angejua kwamba ameonekana amechuchumaa, na kichupa cha rangi mkononi, akimhujumu mume wa binti yake. Utamtazamaje tena baba mkwe wako baada ya hapo? Utamwita nani Baba? Kuna mambo mtu mzima akifanya, anayeona ndiye anayeaibika. Kidole akashusha ngumi. Jua la mchana lilikuwa limelikalia bati la juu, jasho likamtiririka hadi kiunoni, nzi mmoja aliyefungiwa naye akawa anajigonga kwenye kioo cha mbele. Nzi angalau hakuwa na mkwe.

Akamtazama mzee mgongoni. Shati lilikuwa limemkaa kubwa mabegani, na hilo hakuwa ameliona. Mzee alikula vijiko viwili vitatu akafunika bakuli. Halafu akakaa tu. Hakuna redio, hakuna mtu, mikono imelala mapajani. Baada ya leo kila mchana ungekuwa hivi. Kidole aliliona hilo na likamuuma, na likamwudhi kwamba linamuuma, kwa sababu alikuwa bado ana hasira na alitaka kubaki nayo.

Uani kukasikika viatu. Mkewe akatokea amevaa nguo za safari, mkoba begani, amemshika Bibi mkono. Akamwona mumewe ndani ya gari, nyuma ya kioo, amelowa kama aliyetolewa kisimani. Akasimama.

"Nimekuja kuaga," akasema kupitia upenyo wa kioo. "Nakukuta bado umo humo."

"Mama Bibi, nisikilize."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Shuka basi. Shuka uje."

"Siwezi kushuka."

"Huwezi au hutaki?"

Mzee alikuwa amegeuka kwenye sanduku lake. Alimwona Kidole, akaiona milango iliyofungwa, akaliona benchi lenye koleo. Rangi ikamtoka usoni. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa mtu huyo alikuwa wapi wakati yeye akichuchumaa.

Neno moja lingetosha. *Baba yako ndiye anayekaza.* Angelisema hilo, mke wake angemwamini, na mikono yake ingerudishiwa jina. Kidole alilishika neno hilo kwenye ulimi. Mke alikuwa anangoja, macho yamemjaa maji. Nyuma yake mzee alikuwa amesimama, naye anangoja.

"Kioo kimekataa," Kidole akasema. "Nimeshindwa, mke wangu. Mikono yangu siku hizi haina kitu."

Mke akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya maabara. Akaushika vizuri mkono wa Bibi. Akageuka.

"Ngoja," mzee akasema.

Alikuja akiburuta ndara zake. Akaufungua mlango wa kushoto kwa nje, lakini hakumpisha mtu. Alichuchumaa pale pale palipomwona mara nyingi, mbele ya binti yake na mjukuu wake, akatoa bisibisi mfukoni. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mzee huyu alijivua mwenyewe. Akalegeza skrubu ya kwanza, tone jekundu likabanduka, likaanguka kwenye saruji. Akalegeza ya pili. Akaenda upande wa kulia, na watu wote watatu wakimtazama, akalegeza na za huko.

"Bibi, njoo," akamwambia mjukuu. "Weka kidole hapo. Kimoja. Zungusha."

Mtoto akaweka kidole kwenye ule mkono, akazungusha. Kioo kikashuka mpaka chini kabisa, kimya, kikapotea ndani ya mlango. Mtoto akacheka.

Mama yake hakucheka. Alitazama bisibisi, akatazama matone ya rangi sakafuni, na pengine alikumbuka shati.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu uliposema nyumba ina mlango wake," mzee akajibu. Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa, na Kidole ndiye aliyeruka nje ya gari kumshika kwapani. Walisimama hivyo karibu karibu, wote wawili wananuka grisi moja. "Mikono yako haina kitu," mzee akanong'ona. "Mwongo mkubwa wewe."

"Ndiyo, Baba."

Mzee akatoa kichupa, akamwekea kiganjani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukishika. "Tia wewe. Gari limekwisha. Lisilokwisha ni la moyoni mwangu, na hilo halina skrubu."

Binti yake ndipo alipolia, kwa sauti, na akamwambia baba yake maneno makali, na katikati ya maneno hayo akawa anamfunga vifungo vya shati vilivyopishana. Kidole alichuchumaa mlango wa kushoto. Akatia tone kwenye skrubu ya kwanza, akatia kwenye ya pili. Akazunguka upande wa kulia na brashi ikiwa imelowa. Akazitazama zile skrubu mbili. Akairudisha brashi ndani ya kichupa, akafunga kifuniko, akamrudishia mzee.

"Upande huu bado, Baba," akasema.

Mzee aliingiza mkono dirishani, akazungusha kwa kidole kimoja. Kioo kikashuka, kikapanda, kikashuka. Hakikuwa na kasoro hata ya dawa.

"Naona," akasema. "Kinakwama."

"Kinakwama kidogo. Nitarudi nikiangalie. Vishikio vikitoka kwenye nikeli nitakuja kuvifunga, nikiangalie na hiki."

Waliondoka alasiri hiyo, watatu kwenye viti vya mbele, vioo vyote viwili chini kwa sababu ya joto. Mzee aliwafungulia lango, akainama dirishani upande wa kulia, kichupa bado kimo mkononi.

"Usikawie," akamwambia fundi wake. "Rangi hii hukauka."